Sungura Katika Chumba cha Maharusi

Na jambo la pili, ambalo hukunipa nafasi ya kulimaliza pale kwenye chakula cha mchana, maana uliinuka, ukajitanda khanga na kusema unakwenda kumuaga Shangazi Tatu, ni kwamba Bi Mkubwa anaweza kuzaa bila wewe kuwepo. Najua neno hilo halikupendezi. Hata mimi nimeliandika nikakaa nikiliangalia. Lakini ukirudi utaikuta barua hii juu ya begi lako, na nataka uisome mpaka mwisho kabla hujaniambia tena kwamba safari unaiahirisha mpaka sungura ajifungue na mafundi wamalize mabati ya uani.

Chuo hakitakusubiri, Hidaya. Walisema wazi kwamba anayechelewa kuripoti, nafasi yake anapewa mwingine, na wewe uuguzi umeulilia tangu ukiwa unawafunga bendeji wanasesere wa vitambaa niliokushonea. Treni ya Kigoma ni kesho. Na mimi sitaki uipande huku umegeuza shingo kuangalia nyuma, wala sitaki usiipande.

Sitakuandikia habari za kufua, kula, kusali, wala za vijana wenye maneno matamu. Hayo tumeyasema miaka yote, na kama hayajakuingia mpaka leo karatasi haitayaingiza. Nataka kukuandikia habari za sungura. Usicheke. Nimekaa kwenye meza ya cherehani, jua linashuka, mume wangu yuko barazani anapiga msasa mlango wa chumba chako, na kila baada ya muda anaacha kazi na kuniuliza, "Bibi harusi, bado tu unaandika?" Namjibu bado. Miezi imepita tangu tuoane na bado ananiita bibi harusi, hata mbele ya muuza maziwa, na kila akiniita hivyo nasikia mwili mzima kama umenyunyiziwa maji ya waridi. Utanisamehe. Siku hizi nikianza habari yoyote, hata ya uzi na vifungo, lazima ifike kwa Idrisa.

Unakumbuka siku ulipowaleta. Ulikuwa kidato cha pili, na baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa ametutoka mwaka uliotangulia. Rafiki yako Anjelina alirudi kutoka kwao Ulyankulu na boksi la sabuni lililotobolewa matundu, ndani mna vinyama viwili vinavyotetemeka, mmoja wa kijivu na mmoja rangi ya karanga za kukaanga. Nilitaka kukataa. Nilisema nyumba hii haina hata kuku, sungura wa nini. Ukanijibu, "Mama, hawa hawapigi kelele." Nikakubali kwa sababu hiyo tu, maana siku zile sikutaka sauti yoyote ndani ya nyumba zaidi ya cherehani yangu. Wakakulia hapa hapa chini ya meza, Bi Mkubwa upande wake na Karanga upande wake, na wavu katikati. Cherehani ikilia, Karanga alikuwa analala ubavu, masikio yamelegea kama soksi. Basi nikaamini kwamba sungura ni viumbe wasiojali kelele. Niliamini hivyo mpaka mafundi walipokuja.

Wewe ulikuwa Urambo kwa bibi yako aliyeumwa mguu, kwa hiyo sehemu hii ya mwanzo hujawahi kuisikia yote. Nilikuwa nakusimulia nusu.

Tulikuwa tumeoana majuzi tu. Idrisa aliangalia lile paa letu linalovuja akasema hawezi kumlaza mkewe chini ya ndoo, masika yasitukute hivi. Fundi seremala akioa, mwanangu, hakuletei maua, anakuletea ngazi. Kwanza akakitengeneza chumba chetu cha mbele, akakipiga dari vizuri, kisha mafundi wakapanda juu ya nyumba iliyobaki na kuanza kung'oa mabati ya zamani. Ile misumari yenye kutu ilitoka ikilia kama inaonewa. Bi Mkubwa akapiga mguu chini, pu, akanyamaza, akapiga tena. Karanga alizunguka banda akajigonga kwenye wavu mpaka pua ikachubuka. Kisha ikaja grenda ya kukata vyuma vya madirisha, ikalia asubuhi nzima. Kufika adhuhuri wote wawili walikuwa kimya. Kila mmoja amejibanza kwenye kona yake, macho wazi, hata sharubu hazichezi.

Nikafurahi. Shangazi Tatu alipopita nikamwita, "Wifi, njoo uone, wamezoea tayari. Wametulia."

Nawe wajua nilivyokuwa. Hina haijaanza kufifia kwenye vidole, kila jioni nafukiza udi chumbani, kwenye nguo, kwenye nywele, mpaka watu wa mtaa wa pili wanajua saa ngapi mume wangu anarudi kazini. Nikawaza, nyumba imejaa vumbi na harufu ya saruji, hawa viumbe nao wanastahili kuburudika. Nikalitoa banda uani. Nikatupa nyasi zao zote kuukuu. Nikasugua mbao kwa sabuni, nikapangusa kwa kitambaa chenye maji ya waridi, kisha nikaweka chetezo cha udi mbele yao na kupepea moshi uingie vizuri. Shangazi Tatu alisimama na sinia lake mkononi ananiangalia.

"Wifi, sungura unawafukizia udi?"

"Wapate kutulia."

"Si umesema wametulia? Unawaoza kwa nani?"

"Acha masihara. Mimi udi hunituliza."

"Wewe kinachokutuliza siyo udi," akasema, akaenda zake jikoni akicheka peke yake.

Karanga alipiga chafya mpaka jua likazama. Mchicha niliowapa jioni niliukuta asubuhi umesinyaa pale pale. Nikajiambia wamenuna, watakula wakisikia njaa. Siku ile ile ukarudi.

Wewe hukunisalimu. Ulipiga magoti mbele ya banda, begi bado lipo begani, vumbi la Urambo bado lipo kwenye nyusi.

"Mama, hawa wamekula lini?"

"Wametulia tu. Karibu kwanza, shikamoo iko wapi?"

"Shikamoo. Wamekula lini?"

Ukanishika mkono kama mimi ndiye mtoto, ukauingiza bandani na kuuweka ubavuni mwa Bi Mkubwa. Kwa nje alikuwa kama gunia la mchanga, hatikisiki. Ndani moyo wake ulikuwa unakwenda mbio kiasi kwamba sikuweza kutenganisha pigo moja na jingine.

"Hawajatulia," ukasema. "Wameogopa mpaka wameganda."

Ukalia pale, mbele ya mafundi, na mafundi wakashuka mmoja mmoja, hakuna aliyejua aweke wapi nyundo yake. Ukanieleza huku unajifuta kwa mkono wa blauzi: sungura akizidiwa na woga halii wala hakimbii, anakuwa jiwe, asipokula siku nzima tumbo linasimama na anaweza kufa, na nilipowasugulia banda na kutupa nyasi zao, niliwaondolea harufu yao wenyewe, ambayo ndiyo kitu pekee kilichokuwa kimebaki cha kuwaambia kwamba hapa ni kwao. Mimi nilikuwa nimewatia manukato ya mtu mwingine nikaita hiyo ni raha.

Hapo ndipo Idrisa alipofanya lile jambo. Kama ningekuwa sijampenda bado, ningempenda siku ile. Alifuta mikono kwenye suruali, akasikiliza kidogo, akauliza, "Chumba gani humu ndani hakisikiki sana kelele?" Sote tulijua. Ni kile cha mbele, chenye kuta nene za tope za zamani na dari jipya. Akajijibu mwenyewe, "Chetu." Akainua banda upande mmoja na kuniangalia nishike upande wa pili.

Shangazi Tatu akatukuta mlangoni.

"Mnakwenda wapi na hao?"

"Chumbani, dada," akasema Idrisa.

"Chumbani wapi? Chumba cha maharusi? Kitanda chenyewe hakijazoea watu, mnaingiza sungura? Watu watasemaje?"

"Watasema tumejaliwa watoto wenye masikio marefu."

Na Shangazi yako, dada wa damu wa baba yako, ambaye ningemwelewa kabisa kama asingetaka hata kuuona uso wa mume wangu, akasogea pembeni akatushikia pazia.

Wewe ukaenda jalalani ukaziokota zile nyasi kuukuu nilizotupa. Ulizipekua kwa mikono mpaka ukapata ambazo hazijalowa, ukazirudisha bandani. Idrisa akautoa wavu wa katikati, akasema anaona kila mmoja anaogopa kivyake, bora waogope pamoja. Wakasogeleana, Karanga akaweka kidevu juu ya mgongo wa Bi Mkubwa. Nasi tukakaa sakafuni sote watatu, migongo kwenye kitanda, tukisubiri mtu ale. Shuka niliyoidarizi mwenyewe, ile ya maua mekundu, ilikuwa imening'inia mpaka chini. Karanga akatoka, akanusa, akaanza kutafuna ua. Nilifurahi kama nimepewa zawadi. Shuka ile mpaka leo ina pengo na sitaki kuishona.

Ule wavu kuondolewa matokeo yake unayajua. Hatukufikiria. Shangazi Tatu alipoambiwa Bi Mkubwa ana mimba alisema kumbe chumba kile kina baraka kwa kila anayeingia, na amesema hivyo kwa watu wengi mno, mpaka sokoni wauza vitenge wananiangalia tumbo.

Ila chumba peke yake hakikutosha, unakumbuka. Nyundo ikianza ghafla walikuwa bado wanaruka. Jioni moja nashona, Idrisa amekaa kwenye mkeka anawatazama, akasema, "Hawa cherehani hawaiogopi. Kwa nini?" Nikasema wameizoea. Akasema, "Siyo hivyo tu. Kabla hujashona unavuta droo, unawatupia jani, ndipo unakanyaga. Wanajua inakuja." Kesho yake akawakusanya mafundi kabla hawajapanda ngazi na kuwaambia kuanzia leo hakuna kugonga bila kupiga hodi. Wakadhani anatania. Fundi Masanja, yule mrefu, akauliza, "Hodi kwa nani, mzee?" Akaambiwa kwa sungura. Akauliza na karibu itatoka kwa nani. Idrisa akanionyesha mimi.

Basi ndivyo kazi ya nyumba hii inavyokwenda mpaka sasa, na nadhani hakuna nyumba nyingine Tabora nzima inayojengwa namna hii. Masanja anasimama chini ya dirisha anaita, "Hodi humo ndani, mwangaluka wazee," kama anawaamkia wakwe zake kwao Usukumani. Anagonga taratibu ukutani. Mimi natupa majani ya viazi naitikia karibu. Wanasikia hodi, wanaliona jani, na kelele inapokuja inawakuta mdomo umeshajaa. Siku za mwanzo walisimamisha masikio na kuacha kutafuna. Baadaye wakasimamisha sikio moja. Wiki hii grenda imelia na Karanga hakufungua hata jicho. Na mafundi wenyewe, ambao walianza kwa kucheka, sasa asiyepiga hodi anafokewa na wenzake.

Nimelifikiria sana lile neno langu, wametulia. Nalifahamu kutoka mbali. Baba yako alipofariki watu walinisifia sana. Walisema mama Hidaya ametulia, ana moyo, tazama anashona kama kawaida. Nami nilikuwa nashona toka alfajiri, sare za shule, mapazia, chochote, na kama mtu angeniwekea mkono ubavuni angelikuta lile lile ulilonionyesha kwa Bi Mkubwa. Hakuna aliyeweka. Siwalaumu, maana nilikuwa natabasamu vizuri. Wewe ulikuwa mtoto na ndiye pekee uliyehisi kitu, ukaniletea boksi la sabuni lenye matundu.

Na huyu mwanamume, unajua alivyoingia hapa? Hujawahi kuniuliza, kwa hiyo nakuambia bila kuulizwa. Nilimwita aje kutengeneza mlango wa uani uliokuwa unakwama. Mafundi wengine wanafika, wanatoa tindo, wanaanza kupiga. Yeye alisimama na nyundo mkononi akaniambia, "Mama, nitagonga hapa, itakuwa kelele kidogo. Uko tayari?" Miaka kadhaa hakuna mtu aliyeniuliza kama niko tayari kwa jambo lolote. Nikacheka. Nilicheka mpaka akaweka nyundo chini akidhani amekosea. Mlango aliumaliza siku hiyo hiyo, lakini kesho yake alirudi kuuangalia, na keshokutwa, na mlango ule ndio ulioangaliwa kuliko milango yote ya mtaa huu wa Isevya.

Nafika sasa kwako, na hapa naandika polepole. Nilipokuambia naolewa, ulisema hongera mama. Ulinishikia kioo nikivaa. Ulibeba sinia za wageni. Nikamwambia Shangazi yako, Hidaya amelipokea vizuri, ametulia. Idrisa alipochora mpango wa kukirekebisha chumba chako akakuuliza dirisha jipya lielekee wapi, ukamjibu, "Popote, Fundi." Mimi nikaona hilo ni adabu. Yeye hakuona hivyo. Usiku ule aliniambia hatatoboa ukuta wa mtoto aliyesema popote, atasubiri. Nikamwona anachelewesha kazi bure.

Ni mpaka jioni ile tumekaa sakafuni tunawalisha, mimi na wewe tu, ndipo uliposema bila kuniangalia, "Mama, wewe umeanza maisha mapya. Mimi niko kwenye yale ya zamani?" Nilikuwa na majibu mengi mazuri, Hidaya. Nina kipaji cha majibu mazuri, unanijua, ningeweza kukushonea moja pale pale lenye lesi na vifungo. Lakini nilikuwa nimeshika mkononi tawi la mchicha na Bi Mkubwa analivuta, nikaukumbuka ule udi. Nikasema, "Sijui. Tukae hapa." Tukakaa. Ukalaza kichwa chako kwenye paja langu, mtoto mrefu kama wewe, na nywele zako zilikuwa na vumbi la saruji. Kesho yake nikakusikia barazani ukimwambia, "Fundi, dirisha lielekee uani, niwaone sungura wakitolewa kuota jua." Akasema sawa. Akachukua tindo siku hiyo hiyo.

Unaendelea kumwita Fundi, naye jina hilo analipenda. Usijilazimishe jingine kwa ajili yangu.

Kwa hiyo ukifika huko Kigoma, kwenye bweni la watu usiowajua, na milango inabamizwa na kila mtu anacheka na mtu wake, halafu ukajikuta umekaa kitandani mikono juu ya magoti na watu wanasema yule binti wa Tabora mtulivu sana, tafadhali mwambie mmoja wao kwamba umeganda. Mmoja anatosha. Na chini ya begi, chini kabisa, nimekuwekea khanga yangu ninayovaa nikishona. Sijaifua, kwa makusudi. Ina mafuta ya cherehani na vumbi la nyasi na sijui nini tena. Usikimbilie kuitia kwenye maji. Na siku utakapovaa gauni jeupe ukapita kati ya vitanda, basi, kazi ni yako, sitakufundisha, ila mimi ningeanza na yule aliyelala kimya.

Sasa nikuambie yaliyotokea leo ulipoondoka mezani, maana ndiyo yaliyonifanya nichukue kalamu.

Najua unachokiogopa. Umeniambia, na umeniambia kwa sauti ya mtu anayejua: ni uzazi wake wa kwanza, umri wake si mdogo, na sungura jike akizalia kwenye vurugu anaweza kuwaacha watoto au kuwakanyaga au kuwafanyia kwa meno lile ambalo hatukulitaja mezani. Nami niliogopa pamoja nawe. Karanga tumeshamtenga, kile kisanduku cha kuzalia Idrisa amekitengeneza kwa vipande vya mbao na kukijaza nyasi zake mwenyewe Bi Mkubwa, siyo mpya. Lakini siku mbili hizi alikuwa anakipita tu kama hakioni, na wewe ukasema anaona hapafai.

Baada ya wewe kutoka, mafundi walirudi kutoka kula. Masanja akapiga hodi, nami nikaingia chumbani na majani. Kenchi za uani, zile mbao nzito za kubebea mabati, zikaanza kugongwa, nyumba nzima inaitika. Bi Mkubwa hakuja kwenye jani. Nikasema Mungu wangu, amerudia yale. Nikapiga magoti niuweke mkono wangu, kisha nikauzuia, kwa sababu alikuwa na kitu mdomoni. Alikuwa amekusanya nyasi kavu, nyingi, zimetokeza pande zote mbili kama sharubu za mzee. Akatembea nazo, hakukimbia, akaingia kwenye kisanduku. Akatoka. Akachukua nyingine. Alirudia hivyo muda mrefu, na nyundo inapiga. Kisha akajiinamia akaanza kujinyonyoa manyoya ya kifuani, anayavuta kwa meno, anayaingiza ndani, anayasukuma kwa pua, anatoka kujinyonyoa tena. Manyoya ya kijivu yalikuwa yanaelea chumbani mpaka kwenye mto wangu. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kwamba jike hafanyi hivyo mahali asipopaamini.

Nilitoka bila viatu. Nikamwita Idrisa ashuke. Aliposhuka akachungulia mlangoni, na huyu mtu mzima mwenye mvi kwenye ndevu akakaza mdomo kama anayetaka kulia.

"Niwasimamishe?" akaninong'oneza.

Nilitaka kusema ndiyo. Nikamwangalia Bi Mkubwa. Alikuwa amelala kidogo kwenye mlango wa kisanduku, anapumzika, taya linatafuna, sikio moja limelala kabisa.

"Waache wagonge," nikasema. "Mkinyamaza ghafla ndiyo ataogopa."

Akanibusu kwenye paji la uso, mchana kweupe, na Masanja yuko dirishani. Masanja akajifanya anatafuta misumari.

Basi ndivyo ilivyo, mwanangu. Hakuhitaji ukimya, wala hakuhitaji wewe usimame karibu naye usiku na mchana. Alihitaji mambo uliyotufundisha, na sisi tumeyashika, kwa uzembe wangu mwingi na kwa subira yako. Kama angekuwa jiwe leo, ningekuambia ubaki, naapa, na chuo tungekitafuta mwakani. Ni tandiko lile la manyoya ndilo linaloniruhusu kukuambia nenda. Unapita njia ambayo babu za bibi yako waliipita kwa miguu na mzigo begani mpaka Ujiji, nao waliondoka nyumba zikiwa na watoto wachanga ndani. Wewe utalala kwenye kiti na kuamka umefika.

Nasikia msasa umenyamaza barazani, na mwenye msasa anakuja kusoma juu ya bega langu, nami nafunika kwa mkono. Ameshasoma kidogo. Anasema nikuandikie kwamba mlango wako utapigwa vanishi ukiwa haupo ili harufu iishe kabla hujarudi likizo. Pia anasema nikuambie lile tulilolizungumza jana, na kwa kuwa nimeshindwa kulificha tangu asubuhi, nalisema.

Sisi hatukufanya fungate. Tulitoka kwenye ndoa tukaingia kwenye saruji. Jana aliniuliza, paa likiisha, ningependa anipeleke wapi, akataja Mwanza, akataja hata Dar. Nikasema nataka Kigoma. Akacheka, akasema alijua, na kwamba ameshaongea na Shangazi Tatu alale hapa kwetu tukiwa safarini, na Shangazi ameshaanza kuwapigia sungura hodi hata anapopita tu koridoni. Uani pamebaki kazi ya siku chache. Watoto wa Bi Mkubwa watakuwa wameota manyoya, na ni wangapi na wana rangi ya nani nitakuambia kwa mdomo wangu, sitakutumia kwa simu hata ukinibembeleza. Panda treni kesho. Kabla mwezi huu haujaisha nitashuka stesheni ya Kigoma nimemshika mkono mume wangu, na macho yangu yatakuwa yanakutafuta wewe.

Mama yako